Maneno Madogo Yenye Mzigo Mkubwa: Wote, Kila, Baadhi, Hakuna



Mtu akisimama mjini Kalemie, mahali mto Lukuga unapoliacha Ziwa Tanganyika, ataona jambo la kustaajabisha. Mito mingi huingia katika ziwa hili. Ruzizi hushuka kutoka kaskazini, Malagarasi hutoka mashariki katika nchi ya Tanzania, na vijito visivyohesabika hutelemka milimani pande zote. Lakini mto utokao ziwani ni mmoja tu, nao ni Lukuga. Maji yake huenda magharibi, huungana na Lualaba, na mwisho wa safari hufika bahari ya Atlantiki.

Sasa angalieni. Katika maneno haya machache nimetumia "mingi", "zote" na "mmoja tu". Bila shaka hamkuyatazama. Mlitazama ziwa, mkatazama mto. Ndivyo yalivyo maneno haya madogo: yafanana na mpagazi atembeaye nyuma ya msafara. Hakuna amsalimuye, kumbe mzigo uko kichwani pake. Ukiondoa "mmoja tu" katika habari ya Lukuga, habari yenyewe yaanguka.

Leo nataka tuyafikiri maneno haya: wote, kila, baadhi, wengi, wachache, hakuna. Ni maneno yanayohesabu bila kutaja hesabu. Mtu aweza kusema uongo kwa neno moja kati ya hayo, hali maneno mengine ya usemi wake ni kweli tupu. Na sisi wa jimbo la Tanganyika tumeona kwa macho yetu kwamba uongo wa namna hii waweza kuchoma nyumba.

1. "Kila" na "wote" si mapacha

Tuanze na jambo dogo la nyumbani. Mama mmoja amerudi kutoka pwani na kikapu cha samaki. Jirani auliza: "Umewagawia watoto?" Mama ajibu: "Ndiyo, kila mtoto amepewa samaki mmoja." Ikiwa watoto ni kumi, twajua mara moja kwamba samaki waliotolewa ni kumi.

Lakini mama akijibu: "Watoto wote wamepewa samaki mmoja," je, samaki ni wangapi? Labda ni kumi. Labda ni mmoja tu, nao wamemega pamoja katika sahani moja. Maneno yenyewe hayaamui. Asikilizaye hutazama ukubwa wa samaki, tabia ya mama, na hali ya nyumba, kisha huchagua maana moja. Naye huichagua upesi hata hajui kwamba amechagua.

Hali kadhalika tukisema, "Vijana wote waliinua mtumbwi," twaona moyoni mwetu mtumbwi mmoja mkubwa na mabega mengi chini yake. Tukisema, "Kila kijana aliinua mtumbwi," twaona vijana wenye nguvu za ajabu, mmoja baada ya mwingine. Neno "wote" ni kama wavu: hukusanya. Neno "kila" ni kama mkono: hushika mmoja mmoja. Wavu hauulizi jina la samaki. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia mwishoni.

Tena kuna mtego katika kukana. Mtu asema: "Watu wote hawakuja kwenye mkutano." Wengine husikia kwamba uwanja ulikuwa mtupu. Wengine husikia kwamba baadhi walikuja na baadhi walikaa nyumbani. Hawa wawili waweza kugombana jioni nzima, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo, na kumbe wamesikia maneno yale yale. Kwa hiyo msemaji mwema hujihadhari. Kama uwanja ulikuwa mtupu, na aseme: "Hakuna mtu aliyekuja." Kama baadhi walikuja, na aseme: "Si wote waliokuja." Kusema wazi ni kazi ndogo, nako huzuia magomvi makubwa.

2. Mmoja atosha kuangusha "wote". Mmoja atosha kuangusha "hakuna"

Aristoteli, mwalimu mkuu wa Wayunani, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliyapima maneno haya kwa uangalifu. Alionyesha kwamba asemaye "wote" hukanushwa na "si wote". Haihitajiwi kuonyesha kwamba "hakuna hata mmoja".

Twende sokoni tukajaribu. Mchuuzi asema: "Mikebuka yote ya kikapu hiki ni mizuri." Wewe watia mkono, watoa mmoja uliooza. Basi, neno lake limeanguka. Huna haja ya kutoa wa pili. Lakini je, sasa waweza kusema: "Mikebuka yote ya kikapu hiki ni mibovu"? Hasha! Umeona mmoja tu. "Yote ni mizuri" na "yote ni mibovu" yaweza kuwa maneno ya uongo yote mawili. Ndivyo ilivyo mara nyingi: ukweli umelala katikati, kikapuni, miongoni mwa samaki ambao hakuna aliyewatazama mmoja mmoja.

Kosa hili la kuruka kutoka upande mmoja hata upande wa pili ni kosa la kila siku. Kijana alidhani wakubwa wote wa kijiji ni watu wa haki. Akamwona mmoja akila rushwa. Kesho yake asema: "Wakubwa wote ni wala rushwa." Jana alisema zaidi ya alivyojua, na leo pia asema zaidi ya anavyojua.

Na neno "hakuna" ni zito vile vile. Historia ya mto wetu yatufundisha. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walisafiri hata ncha ya kaskazini ya ziwa ili waone kama maji hutokea Ruzizi. Wakaona kwamba Ruzizi huingia, hautoki. Basi watu wa Ulaya wakazidi kuuliza: Je, hakuna kabisa mto utokao katika ziwa hili? Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga, na wenyeji wakamwambia kwamba mto huu huenda Lualaba. Mwaka 1876 Stanley akaja, akakuta njia ya maji imezibwa na matope na mafunjo. Akaona kwamba mto hautoki kweli. Lakini maji ya ziwa yalizidi kupanda, kizuizi kikavunjika, na mwaka 1879 Hore na Thomson waliuona Lukuga ukienda kwa nguvu.

Tufikiri. Ili mtu aseme kwa haki, "Hakuna mto utokao," imempasa azunguke ziwa zima, atazame kila ghuba na kila kijito. Tena imempasa atazame kila wakati, kwa maana mto uliozibwa mwaka huu waweza kufunguka mwaka ujao. Lakini ili mtu aseme, "Uko mmoja," yamtosha kusimama mahali pamoja na kuona. Basi "hakuna", "kamwe" na "sikuzote" ni maneno ya mtu aliyetembea sana. Mtu aliyekaa penye kivuli cha mwembe wake asiyatumie ovyo.

Hata watakatifu walijikwaa hapa. Nabii Eliya, alipowakimbia waliotaka kumwua, alimlalamikia Mungu kwamba amebaki yeye peke yake. Mungu alimjibu nini? Alimjulisha kwamba katika Israeli walikuwako watu 7,000 ambao hawakumpigia magoti Baali. Elfu saba! Nabii hakusema kwa hila. Alikuwa amechoka, amehuzunika, na moyo uliohuzunika hauhesabu vizuri. Sisi pia, tukiwa na uchungu, husema "hakuna anisaidiaye", "wote wamenitupa". Yafaa kungoja mpaka uchungu upoe, kisha tuhesabu tena.

3. Moyo husikia zaidi ya neno

Mpaka hapa tumemtazama asemaye. Tumtazame asikiaye.

Nikiwaambia, "Baadhi ya kuku wana mabawa," je, nimesema kweli au uongo? Wengi wenu mtacheka na kusema: "Uongo, kwa maana kuku wote wana mabawa." Lakini ngojeni. Kama wote wanayo, basi baadhi pia wanayo. Neno langu si la uongo. Ni neno pungufu tu. Mtaalamu mmoja, Ira Noveck, aliwauliza hivyo watoto na watu wazima katika Ufaransa, naye alitumia mfano wa twiga wenye shingo ndefu. Habari yake ilitolewa mwaka 2001. Watoto wengi wa miaka minane au kumi walikubali kwamba "baadhi ya twiga wana shingo ndefu" ni kweli. Watu wazima waligawanyika, na wengi wao walikataa.

Je, watoto wana akili kupita wazazi wao? Sivyo. Watoto walishika neno lenyewe. Wakubwa walishika neno pamoja na nia ya msemaji. Mtu mzima hujiuliza moyoni: "Kama angalijua ni wote, mbona hakusema wote? Basi ataka kusema kwamba si wote." Hivyo kwa neno "baadhi" yeye huongeza "si wote", ingawa msemaji hakulitamka.

Desturi hii ni njema, nayo hutusaidia kuelewana upesi. Lakini ina hatari yake: twaweza kumhesabia mtu neno ambalo hakulisema. Mwalimu asema, "Baadhi ya watoto wamefanya vizuri," na baba mmoja arudi nyumbani na kumpiga mtoto wake, akidhani mwanawe yumo kati ya walioshindwa. Hakuuliza. Aliongeza mwenyewe.

Jambo hili limelihusu hata Kanisa katika sala yake kuu. Katika Misa padri hukumbuka maneno ya Bwana juu ya kikombe, na kwa Kilatini hutajwa kwamba damu ilimwagika kwa ajili ya "wengi". Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lugha kadhaa zilitafsiri "kwa ajili ya wote". Mwaka 2006 Roma iliagiza neno "wengi" lirudishwe. Waamini wengine wakafadhaika: Je, Kristo hakufa kwa ajili ya wote? Tarehe 14 Aprili 2012 Papa Benedikto XVI aliwaandikia maaskofu wa Ujerumani kuwaeleza. Kanisa laamini daima kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Lakini neno alilolitamka Bwana lapasa kuheshimiwa jinsi lilivyo. Waliofadhaika walisikia "wengi" wakaongeza "si wote". Walikuwa wakisikia kama watu wazima wasikiavyo kila siku sokoni. Hata hivi, nyongeza ilikuwa yao wenyewe. Neno "wengi" haliufungi mlango.

Neno "wachache" nalo lina ajabu yake. Nikisema, "Watu wachache walikuja kusaidia kujenga shule," mwatazama moyoni wale waliokuja, nanyi mwawashukuru. Nikisema, "Ni watu wachache tu waliokuja," mara macho yenu yawageukia waliokaa nyumbani, nanyi mwawalaumu. Hesabu ni ile ile. Labda walikuwa watano katika maneno yote mawili. Wataalamu Moxey na Sanford wa mji wa Glasgow walipima jambo kama hili katika Kiingereza, wakaona kwamba neno moja la uchache laweza kuyapeleka mawazo ya msikilizaji kwa waliopo, na jingine laweza kuyapeleka kwa wasiokuwapo. Basi mwenye kusema ana fimbo mkononi: aweza kuwageuza wasikilizaji kama mchungaji ageuzavyo mbuzi. Na atazame awapeleka wapi.

Wala tusidhani kwamba maneno haya ni rahisi kwa sababu tumeyajua tangu utoto. Piaget na Inhelder, wataalamu wa Geneva katika Uswisi, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1959 jinsi watoto wadogo wanavyohangaika na neno "yote". Mtoto huonyeshwa miduara ambayo yote ni ya buluu, pamoja na miraba mingine ya buluu na mingine myekundu. Aulizwa: "Je, miduara yote ni ya buluu?" Watoto wengine hujibu: "La, kwa sababu na huu mraba ni wa buluu." Swali lilihusu miduara; mtoto akaruka na kuitazama miraba. Aligeuza "miduara yote ni ya buluu" kuwa "vitu vyote vya buluu ni miduara".

Twamcheka mtoto? Tusimcheke upesi. Mtu mzima asikia kwamba wezi wa ng'ombe walioshikwa jana walikuwa wote wa kijiji fulani. Kesho asema kwamba watu wote wa kijiji kile ni wezi. Amefanya kosa la mtoto yule yule. Tofauti ni kwamba mtoto alikuwa akicheza na karatasi, na huyu ana panga nyumbani.

4. Hatari kubwa: neno lisilotamkwa

Sasa tumefika penye moyo wa jambo. Kuna usemi ulio hatari kupita "wote". Ni ule usiotaja hesabu yo yote.

Husemwa: "Mbu huleta malaria." Ni kweli, nasi twafanya vema kulala ndani ya chandarua. Lakini ni mbu gani? Si wote. Mbu dume hanyonyi damu kabisa. Na kati ya mbu jike, ni wa jamii moja tu, iitwayo anofelesi, wanaoambukiza watu malaria. Tena si kila jike wa jamii hiyo ana ugonjwa ndani yake. Tukihesabu, mbu aletaye malaria ni mmoja kati ya wengi. Hata hivi, hakuna akataaye usemi ule, kwa maana jambo la hatari hushikwa upesi na akili.

Angalieni basi mtego. Usemi usio na hesabu hukubaliwa kwa ushahidi mdogo, lakini ukisha kukubaliwa, husikiwa kana kwamba ni "karibu wote". Wataalamu Cimpian, Brandone na Gelman walilieleza jambo hili mwaka 2010. Huingia kupitia tundu la sindano. Ukiisha kuingia, hujaza nyumba. Juu ya mbu, hasara si kubwa. Lakini je, tukisema hivyo juu ya watu?

Mwaka 2012 wataalamu watatu wa Marekani, Rhodes, Leslie na Tworek, walitoa habari ya jaribio lao. Waliwasomea watoto wa miaka minne, na hata watu wazima, kitabu cha picha juu ya watu wa kubuni tu, wasioko duniani, walioitwa Zarpie. Wengine walisomewa maneno kama "huyu Zarpie hufanya hivi". Wengine walisomewa "Zarpie hufanya hivi". Tofauti ni neno moja, "huyu". Lakini wale waliosikia usemi usio na hesabu walianza kuamini zaidi kwamba tabia zile zimo katika damu ya watu wale, na kwamba mtoto azaliwaye kwao atazaliwa nazo.

Ndugu zangu, nasi twalijua jambo hili bila kitabu. Kuanzia mwaka 2013 ugomvi mkali uliwaka kati ya Baluba na Batwa, katika sehemu za Manono, Kabalo, Nyunzu na Kalemie. Sababu zilikuwa nyingi: mashamba, ujira mdogo wa kazi, dharau ya siku nyingi. Mwezi wa Oktoba 2016, huko Kabalo, mabishano juu ya kodi ya viwavi viokotwavyo porini yaliwasha tena moto. Mwaka 2016 na 2017 mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Wengi walifika karibu na mji wa Kalemie, wakajenga vibanda vya majani mahali kama Katanika, wakalala chini pamoja na watoto wao.

Sisemi kwamba vita ile ilizaliwa na sarufi. Shamba lililonyang'anywa ni jambo la kweli, na ujira usiolipwa ni dhambi imliliayo Mungu. Lakini nauliza: ugomvi wa watu wawili juu ya kikapu cha viwavi huwezaje kuwa ugomvi wa vijiji mia? Wahitaji daraja la kuvukia. Na daraja lile ni usemi mfupi: "Batwa ni hivi." "Baluba ni hivi." Hapana "wote", hapana "baadhi", hapana "huyu". Kwa kuwa hesabu haikutajwa, hakuna aulizaye hesabu. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake amekwisha kuingizwa katika usemi ule, naye hajaiba hata muhogo mmoja.

Tufanye mfano. Watu wamekusanyika usiku. Kijana mmoja asimama na kusema: "Wale ni wauaji. Twendeni." Mama mmoja mzee amwuliza:

"Mwanangu, wale ni nani? Ni wote?"

"Ndiyo, mama, wote."

"Na yule aliyenipa dawa ulipokuwa wewe mwenyewe mgonjwa wa tumbo, yumo?"

"La, mama, yule hayumo."

"Na mke wake, ambaye twateka maji naye?"

"Yeye naye hayumo."

"Na watoto wao wanaosoma na wadogo zako?"

Kijana anyamaza.

"Basi, mwanangu, bado si wote. Nitajie majina ya wale waliofanya mabaya, twende kwa wazee na kwa serikali tukawashtaki. Kama huna majina, kaa chini."

Mfano huu waweza kuuweka katika kijiji cha upande wo wote. Mama yule aweza kuwa wa Baluba au wa Batwa. Yeye hakujua vitabu vya Aristoteli. Lakini alijua kwamba mmoja atosha kuangusha "wote". Tena alijua kwamba dawa ya usemi usio na hesabu ni swali fupi: "Nani?"

5. Mungu huhesabu namna gani

Abrahamu alifanya kama mama yule. Mungu alipomjulisha adhabu ya Sodoma, Abrahamu hakusema, "Mji ule ni mbaya, na uishe." Aliuliza juu ya wenye haki waliomo. Kama ni hamsini? Kama ni arobaini na watano? Arobaini? Thelathini? Ishirini? Akafika kumi, na kila mara Mungu alikubali kuusamehe mji kwa ajili yao. Hata hao kumi hawakupatikana. Lakini Loti hakuachwa afe pamoja na wengine. Alitolewa nje kwanza. Basi Mungu, aliye na haki ya kusema "wote" kwa sababu aona vyote, ndiye mwenye saburi ya kutazama mmoja mmoja. Nasi, tusioona hata nyuma ya nyumba ya jirani, je, twapata wapi haraka yetu?

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengine hufikiri kwamba amri hii yavunjwa tu na yule amtajaye mtu kwa jina na kumsingizia. Lakini asemaye uongo juu ya kabila zima amewasingizia watu wengi kwa pumzi moja, na wengi wao hajapata kuwaona.

Kuna na hila nyingine ya neno "wote", iliyo tamu kuliko hii. Ni kujificha ndani yake. Mtu akionywa kwa kosa lake, hujibu: "Sisi sote tu wakosefu." Ni kweli, kweli kabisa, na kwa sababu ni kweli ni maficho mazuri. Alipaswa kusema "mimi", naye alisema "sisi sote". Aliyeiba nyavu za mwenzake hasaidiwi na wakosefu wa dunia nzima. Amrudishie mwenzake nyavu.

Sasa tukumbuke wavu na mkono. Siku ya ubatizo wenu mtasimama pamoja mbele ya kanisa, nanyi mtakuwa wengi. Lakini padri hatawaita kwa neno "ninyi nyote" na kuwamwagia maji kwa pamoja kama mvua imwagikavyo shambani. Atauliza jina. Atambatiza huyu, kisha huyu, kisha huyu. Kristo amekufa kwa ajili ya wote, nanyi mtaupokea wokovu wake kila mmoja kwa jina lake. Vivyo hivyo siku ya hukumu: hakuna atakayeulizwa habari za kabila lake, kila mmoja ataulizwa habari zake.

Basi nawaachia mashauri matatu. Kabla hujasema "wote" au "hakuna", jiulize: Nimehesabu? Ukisikia mtu asema "wale ni hivi", uliza kwa upole: Nani? Wangapi? Na lipo kosa lililo lako, acha "sisi sote", useme "mimi".

Maswali ya kujibu pamoja na katekista wenu

1. "Watu wote hawakuja." Usemi huu waweza kusikiwa kwa namna ngapi? Useme upya wazi kwa kila maana.

2. Ili kuangusha neno "samaki wote wa kikapu hiki ni wazuri", wahitaji samaki wabovu wangapi? Ukiwapata, je, umethibitisha kwamba wote ni wabovu?

3. Kwa nini usemi usiotaja hesabu ni hatari kupita ule usemao "wote"?

4. Fikirini usemi mmoja unaosikiwa kijijini mwenu juu ya watu wa kabila au kijiji kingine. Taja mtu mmoja umjuaye ambaye usemi ule haumfai. Sasa usemi ule umebaki na nini?